Kiti cha Kuazima na Kijana Mliyemwongezea Muhula

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kubadilishana Wanafunzi,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mkuu,

YAH: MGENI SIMRUDISHI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa vizuri. Kama kiti chako kinalia ukiegemea, ujue ni springi ya nyuma, na mimi ndiye fundi wake. Nina karakana ya kushona sofa na viti, ghorofa ya chini, mlango wa kando ya duka la dawa. Si mtu wa barua mimi. Nilikuja mwenyewe ofisini kwenu, lakini karani wako, dada mpole sana, akaniambia malalamiko hupokelewa kwa maandishi. Basi haya hapa, na nimeyapa namba ili yasikuponyoke.

1. Kwanza utaratibu. Mteja akileta kiti kutengenezwa, simwachi arudi nyumbani kukaa sakafuni. Namwazima kiti cha karakana. Chake kikiwa tayari anarudisha cha kuazima, anachukua chake, tunapeana mikono. Tangu nianze kazi hii sijawahi kwenda nyumbani kwa mtu nikambebea kiti cha kuazima huku chake bado kimelala mezani kwangu, tumbo wazi. Huo ungekuwa uhuni.

Ninyi mlimchukua kijana wangu kwa muhula mmoja akasome ng'ambo, mkatuletea kijana wa watu kutoka huko huko, nyumba ile ile aliyofikia wetu. Nilielewa mara moja, nikaweka sahihi kwa moyo mweupe. Sasa mmeniandikia kwamba muhula umekwisha, mgeni aandaliwe kuondoka. Nikaja kuuliza wetu anafika lini. Karani akafungua kompyuta, akaisoma, akaisoma tena, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wetu ameomba muhula mwingine na amekubaliwa. Yaani mnabeba kiti cha kuazima na changu hamjakirudisha. Ndugu Mkuu, sisi tukae wapi?

2. La pili ni ubora wa mgeni mwenyewe. Jina lake lilitushinda, tukamwita Asante, kwa sababu anashukuru kila kitu: akipewa maji, akipewa ufagio, akipishwa ngazini. Siku moja nilimsikia akiushukuru mlango. Mtu wa namna hii hamkupaswa kumwingiza katika nyumba ya watu bila onyo. Mara ya kwanza alipokula kwetu alinyanyuka na sahani yake akaenda kuiosha. Mke wangu akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Tangu siku hiyo naosha yangu.

Mama yangu mzazi anaishi nasi, na habari za magoti yake sote tunazijua kwa moyo. Kwa Asante amepata mtu anayeuliza maswali na kuandika majibu, na goti la kushoto sasa lina historia ambayo hata mimi mwanawe ninayeishi naye nyumba moja sijapata kuisikia. Binti yangu mdogo anafanya kazi za shule bila kufukuzwa. Karakanani ndiyo usiseme. Akitoka darasani anakuja kuvuta kitambaa mpaka kinalala bila kunyanzi, na ameshajifunza kushika misumari kwa midomo huku akipiga nyundo, jambo linalomzuia kushukuru, hivyo tunapumzika kidogo. Kijana wangu mimi, miaka yote, ujuzi aliochota katika karakana ile ni kusema kesho ana mtihani.

3. Tatu, mmetengeneza msichotumwa. Mteja akileta kiti cha mguu uliovunjika, mimi sibadilishi rangi ya kitambaa bila kumuuliza. Nilimtuma kijana akasome. Sikuomba abadilishwe kitambaa. Ametutumia picha amevaa aproni anakaanga vitunguu, mtu ambaye hapa alikuwa anauliza chumvi inakaa wapi kana kwamba ilihama kila jioni. Mama yake aliitazama picha ile, akasema amekonda, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Siku hizi kijana kabla ya kupiga simu anauliza kwanza ni siku gani mama yake ana nafasi. Mama yake! Huyu aliyekuwa akimwita kutoka chumba cha tatu aje amzimie taa!

4. Baada ya maneno ya karani nilimpigia simu kijana wangu mwenyewe. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kama ni kweli. Akasema, "Baba, huku nimeshazoea." Nikamwambia vizuri, nikamuuliza kama kuna baridi, akasema ipo, nikasema hata huku mvua imenyesha. Haikunyesha. Mama yake alikuwa amesimama ubavuni pangu ameshanyoosha mkono aipokee simu, nami nikaikata, nikamwambia mtandao umepotea. Uongo huo wote, wa mvua na wa mtandao, nauandika katika hesabu yenu.

5. Kwa hiyo, kwa heshima zote, natamka kwamba Asante habanduki. Kuanzia sasa anapewa haki zote za mtoto wa nyumba hii: kutumwa dukani akiwa ndiyo kwanza amekaa, kubeba sofa la viti vitatu ngazini kwa kurudi kinyumenyume, kulaumiwa kwa kitu kilichovunjika kabla hajafika, na kulinganishwa na watoto wa majirani. Kibao cha karakana kimeandikwa FUNDI SOFA NA MWANAWE. Maneno yatabaki, ila nitamwita mchoraji aongeze picha ya Asante ili wateja wasichanganyikiwe. Tena kuna sofa letu la sebuleni. Upande wa kushoto lina bonde alilolichimba kijana wangu kwa kulala na simu yake tangu akiwa na miguu mifupi. Nitalifumua, nitatia sponji mpya, na bonde hilo litasahaulika.

6. Wazazi wa Asante nao wasione wamedhulumiwa. Wabaki na wetu moja kwa moja. Naomba ofisi yako iwafikishie maelekezo ya matumizi. Asubuhi haamki kwa kuitwa. Azimiwe feni, ataamka kuuliza nani amezima. Chai akiiacha nusu, anaumwa, ingawa atakataa. Akisema yuko sawa mara moja, yuko sawa. Akisema mara mbili, mtu akae karibu naye asiseme kitu, baadaye atasema mwenyewe. Asiachwe atoke na nywele mbichi. Ukimsifia mbele ya watu anakasirika, kwa hiyo asifiwe akiwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo.

Hayo ndiyo malalamiko yangu, na sioni fundi yeyote mwenye akili atakayeyapinga.

Nisalimie karani wako, mwambie sikumkasirikia yeye. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenipisha kiti chake. Mguu wa nyuma unacheza, akilete nitamkazia bure. Nyumbani kwako wote wakubwa kwa wadogo nawasalimu. Mama yangu anakusalimu, na magoti yake.

Ni mimi ninayengoja jibu nikiwa nimesimama,

Fundi Sofa,
mlango wa kando ya duka la dawa.

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Mama yake Asante amepiga simu, naye Asante akanipa simu nimsalimie. Lugha yake siijui, yangu haijui. Akasema kitu, nami nikasema kitu, kisha tukanyamaza wote wawili na hakuna aliyekata. Mpelekeni Asante kwao. Sanduku lake limepasuka pembeni, nimelishona kwa uzi wa sofa, litafika.

Namba ya tano ifutwe. Mchoraji sikumwita. Sponji ninayo, iko chini ya meza ya kukatia. Asante ameomba mara nyingi atusaidie kulijaza lile bonde, nami kila mara namwambia sponji haijaletwa. Juzi mama yangu alitaka kukaa upande ule, mke wangu akamwambia taratibu asogee huku kwingine.

Nimeazima watu viti maisha yangu yote, vingine vizuri kuliko vyao. Wote wamerudi kudai vile vyao vibovu, na hajatokea hata mmoja wa kuniambia ameshazoea changu. Kijana wangu msimsomee barua hii. Mwambieni tu kwamba upande wa kushoto bado hajakaa mtu.