Kiti Mlangoni pa Jiko

Jumamosi, 1 Julai 1995

Mshahara ulitoka jana. Umechelewa siku nne, na umekuja umekonda. Kabla ya kulipwa tulipewa semina ya kubana matumizi. Mtaalamu alitoka Dar, akala nusu kuku mbele yetu, kisha akatuambia sisi makarani wa ghala la pamba kwamba enzi za kubebwa zimekwisha, sasa kila mtu abane. Maneno yalinigusa. Nimerudi Mkuyuni nimebana kila kitu.

Nyumbani Teodora alikwishaigawa bahasha yangu kichwani: mchele, sukari, mkaa, ada ya shule ya binti yetu Hellen, sabuni ya kuogea kutoka Dubai. Dubai! Nikamwambia tatizo la nyumba hii si mshahara, ni mke asiyejua uchumi.  Akaweka mezani pesa yote ya chakula, elfu kumi na tano, akasema basi mwezi huu nishike mimi. Nikifika tarehe thelathini na moja bila mtu wa nyumba hii kwenda kula mlangoni kwa jirani, hatasema neno tena kuhusu pesa maisha yake yote. Akienda hata mmoja, tangu siku hiyo bahasha naipeleka kwake imefungwa kwa gundi.

Nimekubali papo hapo. Mwanamume kupeleka bahasha imefungwa! Haitatokea.

Jumatatu, 3 Julai

Ushindi wa kwanza. Siku hizi sangara haliwi tena na watu wa Mwanza. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenye ziwa tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mgongo. Teodora hununua mapanki mawili matatu kila siku. Hasara tupu. Nimenunua gunia zima kwa bei ya jumla, nikayaanika juu ya jabali nyuma ya nyumba yakauke yatufae mwezi mzima.

Abeid, jirani yetu mwenye duka la kona, alichungulia juu ya ua akaniuliza kama ndege nimewaweka kwenye hesabu. Nikamwambia auze chumvi yake aniache. Huyu bwana tangu watu waruhusiwe kuleta bidhaa kutoka nje, tumbo lake limetangulia mbele na heshima imebaki nyuma.

Jumanne, 4 Julai

Korongo kumi na saba. Walisimama juu ya jabali na vipara vyao kama wajumbe wa bodi. Nilitupa mawe. Nilitupa kiatu. Gunia lilikwisha kabla ya saa nne, na kiatu sijakiona. Abeid alifunga duka ili atazame vizuri.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Sherehe kwa wengine. Nilikuwa naanika majani ya chai ya jana ili yatumike tena kesho, mara basi la Ngudu, kwao Teodora, likasimama barabarani, akashuka mama mkwe wangu. Jina lake siliandiki hata humu, maana ni mkwe. Amekuja kutibiwa miguu. Amekuja na jogoo mmoja, kibuyu cha maziwa, na hamu ya kula ya watu watatu.

Nilimuuliza Teodora kwa upole kabisa mama atakaa siku ngapi. Akasema mpaka miguu ipone. Miguu ya miaka sitini na tano! Hiyo haiponi kabla ya uchaguzi. Pesa iliyobaki ni ya watu wanne, na jogoo mwenyewe Teodora kasema ni wa kufuga.

Nimekwisha.

Jumamosi, 8 Julai

Sijakwisha! Mungu si Athumani.

Jana jioni mama mkwe alikuwa uani na Teodora, mbele ya sahani ya ugali mkubwa kama kichuguu. Mimi nilikuwa sebuleni. Nikabanwa, nikatoka kwenda chooni, na choo chetu ni lazima upite uani. Aliponiona tu akaacha tonge, akajifunika khanga, akageukia ukutani. Kwetu Wasukuma mkwe hali mbele ya mkwe. Si yeye mbele yangu, si mimi mbele yake. Ni aibu ya kuzimia. Niliporudi nikakuta sahani imefunikwa, na mwenyewe anasema ameshiba. Leo asubuhi watoto wamekula kiporo kile, tukaokoa mkate.

Nimelala kitandani nikifikiri. Kumbe heshima ni akiba!

Jumatatu, 10 Julai

Nimeomba likizo yangu ya mwaka yote, wiki tatu. Bosi alikubali upesi kuliko nilivyopenda. Wanunuzi binafsi wamechukua pamba yote, ghalani tunalinda buibui.

Utaratibu ni huu. Mimi nakula kwanza, sebuleni, upesi. Halafu natoka na kiti changu cha kamba, nakiweka uani, mlangoni pa jiko, nakaa. Teodora aliniuliza nafanya nini pale. Nikamwambia napunga upepo. Akasema Julai hii upepo unang'oa mabati, nina haja gani ya kuupunga. Mchana akajaribu kumpelekea mama yake sahani chumbani. Nikakumbuka kwamba gazeti langu liko chumbani.

 Mama mkwe alinisalimu kwa Kisukuma huku akitazama miguu yake: mwangaluka, baba. Nikaitikia kwa heshima zote. Mimi ni mtu wa heshima.

Alhamisi, 13 Julai

Inafanya kazi! Mama mkwe haguswi na njaa hata kidogo. Saa ya chakula ikifika anajifunga khanga, anachukua fimbo, anasema daktari kamwambia atembee, basi acha akanyooshe miguu na kumsalimu Mwaija, mke wa Abeid. Anakaa huko saa nzima. Anarudi mchangamfu. Nimemsifu mbele ya watoto kuwa mgonjwa anayefuata ushauri wa daktari ni mfano wa kuigwa.

Yakobo, mwanangu mdogo, akauliza mbona bibi akirudi anacheua. Nikamweleza kuwa ni gesi. Wazee wasiokula hupata gesi.

Jumapili, 16 Julai

Harufu ya pilau kutoka kwa Abeid tangu saa tano. Watu wengine hawana huruma. Iliki, mdalasini, nyama ya kukaanga, vyote vinapita juu ya ua bila hodi. Mimi niko kwenye kiti changu na chai ya majani ya tangu juzi. Mama mkwe alitoka kutembea mapema leo, hakungoja hata saa ya chakula. Moyo wa mazoezi umemwingia.

Jambo la ajabu: ananenepa. Mashavu yamejaa, anang'aa. Nimeandika hili kwa makini kwa sababu ni ugunduzi. Mzee akipunguziwa chakula mwili unapumzika, unajijenga wenyewe. Mtaalamu wa Dar angetoa nini kuyajua haya?

Jumatano, 19 Julai

Nimekutana na Abeid dukani kwake. Nilikwenda kununua nusu kibiriti. Akasema kibiriti hakiuzwi nusu. Halafu akanishika bega, akatabasamu, akanishukuru kwa mgeni, kwamba mgeni ni baraka na nyumba yake imepata baraka mwezi huu. Sikumwelewa. Amelewa pesa.

Teodora siku hizi hasemi nami isipokuwa lazima. Anapika, anafua, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Zoezi la kunyamaza ameanza mapema. Nilimwambia ajiandae kukaa kimya, zimebaki siku kumi na mbili. Akasema anajua, anazihesabu.

Jumatatu, 24 Julai

Mgongo unaniuma kwa kiti. Baridi ya uani imenipa kikohozi. Hata hivyo: zimebaki shilingi elfu tatu na mia tano, wiki moja tu mbele! Hakuna aliyewahi kufanya hivi Mkuyuni. Hellen alisema anataka nyama. Nikamwambia avumilie, baba yake anaandika historia.

Alhamisi, 27 Julai

Habari njema zinafuatana. Ngosha, shemeji yangu, ametuma salamu na dereva wa basi kwamba Jumamosi anakuja na lori la mtu, amebeba magunia matatu ya mchele. Mama mkwe kavuna vizuri mwaka huu, na mpunga wenyewe ulilimwa kwa ajili ya nyumba ya binti yake. Magunia matatu! Huo ni mwaka mzima wa kula. Nimetoa viti sebuleni ili kupata nafasi. Nimemwambia Teodora: unaona uchumi?

Jumamosi, 29 Julai



Lori lilifika saa nne. Nilikuwa wa kwanza kulipokea, mikono mbele. Ngosha hakunipa mkono. Alinipita, akaenda kwa mama yake, wakanong'ona. Mama mkwe akasimama uani, akanigeuzia mgongo kama ilivyo desturi, khanga kichwani, akasema na ukuta. Lakini sauti ilisikika mpaka dukani.

Alisema mpunga wa mchele huu aliulima yeye, kwa miguu hii hii mibovu, akiwaza nyumba ya binti yake. Alisema hana neno na mkwewe, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Ila mchele humfuata aliyekulisha. Na siku zote hizi aliyemlisha ni Mwaija, asubuhi uji, mchana wali, Jumapili pilau. Basi magunia mawili yaende kwa Mwaija. La tatu libaki kwa Teodora, na ufunguo wa chumba cha akiba akae nao Teodora.

Watu walijaa mpaka barabarani. Mwaija alikataa katakata, akasema mgeni halipi. Mama mkwe akakataa kukataliwa. Abeid mwenyewe alibeba gunia la kwanza mgongoni, anahema, anacheka, tumbo linacheza.

Nikamgeukia Teodora. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu siku ya pili ya kile kiti. Siku ya kwanza alilia, kwa sababu mama yake alilala na njaa katika nyumba ya mwanawe, na hilo hatalisahau. Siku ya pili mama akamwambia anyamaze, waone mwanamume huyu atakaa kwenye kiti kile mpaka lini. Halafu akaninyooshea mkono, akaniuliza kama gundi ninayo au akakope kwa Abeid.

Nimeona aibu. Nimeiona kweli, si mchezo.  Nilitaka kusema samahani, lakini mama mkwe alikuwa amenipa mgongo na desturi hairuhusu kuzungumza na mgongo wa mkwe.

Wakati lori linaondoka naye, Ngosha alinipa ujumbe wa wajomba wa Teodora: niende Ngudu mwenyewe, na mbuzi, nikae mbele ya wazee nijieleze. Na mama mkwe aliomba kitu kimoja cha kumkumbuka mkwewe. Aliomba kile kiti cha kamba. Ningekataaje? Nilikipandisha kwenye lori mwenyewe.

Jumatatu, 31 Julai

Mshahara. Nimelamba bahasha, nikaongeza na gundi, nikampelekea Teodora kwa mikono miwili. Jioni tulikula wali na nyama. Hellen aliniuliza kama historia imekwisha kuandikwa.

Jumamosi, 5 Agosti

Usiku nimepiga hesabu upya. Watu wanaona faini, mimi naona fursa. Mbuzi ni mmoja tu, tena Teodora kanitolea pesa ya kumnunua, na nauli. Lakini nikifika Ngudu, nani atanifukuza? Mavuno yameisha juzi, ghala zimejaa, maziwa yapo, kuku wanazurura. Nikijieleza polepole, mzee mmoja kila siku, nitakaa siku kumi, na ghalani buibui watajilinda wenyewe. Siku kumi za kula bure! Mbuzi atakuwa amejilipa, na nitarudi na akiba ya kumwonyesha Teodora nani anajua uchumi.

Ngosha kapita asubuhi kunisisitiza nisichelewe. Nikamuuliza habari za mama mkwe. Akasema hajambo, miguu imepona, na kile kiti amekipenda mno. Amekiweka uani, mlangoni pa jiko, anashinda hapo kutwa, hatoki hata kwenda kisimani.

Vizuri sana. Atakuwa anasimamia mapishi mwenyewe. Leo sinywi hata chai, naliachia tumbo nafasi.