Kichupa cha Kingamwili na Ujanja Wangu

Jumatatu, 10 Juni

Profesa katangaza: Ijumaa, atakayeleta picha safi ya protini yetu ndiye atakayekwenda kuiwasilisha mkutanoni. Kwa ndege! Tunaoshindana ni wawili. Mimi, na mwenzangu ninayemwita Nukta, maana huweka nukta hata mwisho wa lebo ya chupa.

Protini yenyewe ni tarishi wa seli. Ikiamshwa hubebeshwa fosfeti, ikaanza kupeleka habari. Kingamwili yetu huinasa ikiwa macho tu. Ikilala, huipita kama hawajuani. Na kichupa cha kingamwili hiyo ni kimoja maabara nzima.

Kimoja! Nimekihamishia kwenye kijisanduku chakavu, rafu ya chini kabisa ya friji, nikaandika juu: "Maji tu." Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 11 Juni

Nukta katafuta kichupa asubuhi nzima. Nikamsaidia kwa moyo mmoja. Nilipiga magoti nikachungulia hata chini ya sinki. Akasema, "Kaka, Mungu akubariki." Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Mchana akatoka kwenda maabara ya jirani. Kakata tamaa, nikajua. Nikafungua friji. Tupu! Inang'aa! Fundi wa maabara kaisafisha. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na shida, vitu vya chini viko wapi. Kasema katupa, nani mwenye akili timamu anatunza maji kwenye friji ya barafu?

Nukta aliporudi alinikuta kichwa kimezama kwenye pipa la taka. Nikamwambia natafuta pete yangu ya ndoa. Akauliza nimeoa lini.

Kichupa nimekipata. Bado kina baridi. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 12 Juni

Kazi yenyewe. Protini za seli hubandikwa kwenye utando mweupe. Kabla ya kumwagia kingamwili, lazima utando uzibwe, isije ikanata ovyo. Maelekezo yanataka albumini, protini ya damu ya ng'ombe. Chupa ya albumini iko mezani kwa Nukta. Nimwombe? Mimi? Nikaenda jikoni nikachota maziwa ya unga ya chai. Wenzetu wenye kingamwili nyingine huziba kwa maziwa kila siku. Kingamwili ni kingamwili!

Picha imetoka; kingamwili inaponata, hapo huwa peusi. Nyeusi tii, pembe hadi pembe! Hata pale nisipoweka seli! Yaani protini iko macho hata mahali isipokuwepo. Hakuna aliyewahi kuona jambo hili! Nikampigia simu shangazi aliyenilea. Kauliza kama litasaidia magoti yake. Nikasema bila shaka.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeeleza kwa kirefu, mkono mmoja mfukoni. Profesa kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Picha bado nyeusi.

Nukta akauliza kwa upole, "Kaka, ulitumia nini kuziba utando?"

"Maziwa," nikasema, kifua mbele.

Akaeleza kwamba protini ya maziwa nayo imebeba fosfeti, tena tele. Kingamwili hii huing'ang'ania hiyo hiyo.

Profesa akasema, "Kijana, umegundua maziwa."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Picha ya Nukta? Safi kama kioo. Jumanne ile alikwenda kuomba tone moja la kingamwili kwa majirani, wakampa kichupa kizima. Anakwenda yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, nikaingia, nikajifukia.

Wala hakunicheka. Jioni kaniwekea albumini mezani, kasema Jumatatu turudie kazi pamoja. Nikaenda msalani nikajifungia. Macho yaliniwasha. Dawa za maabara, hizi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimetafakari sana. Mimi ni mtu mpya. Hila basi, nimeapa.

Ila shangazi kawaambia ndugu wote kwamba napanda ndege. Mama mtu mzima yule, nimfanye mwongo?

Tena mkutano hauwezi kukosa msemaji. Je, Nukta akishikwa na mafua? Nani atakayewasilisha? Leo alikuja kumalizia kazi zake. Nikafungua dirisha lililo nyuma ya kiti chake, kwa ajili ya hewa tu. Upepo ukaingia vizuri.

Akapiga chafya.

Shati nimeshalipiga pasi.