Figo Mbili, Mke Mmoja

Jumatatu, 2 Juni

Mke wangu amepiga simu. Mapacha wa binti yetu wana homa, kwa hiyo harudi wiki hii kama alivyoahidi. Anaongeza mwezi. Mwezi mzima. Nikasema sawa, kwa sauti ya kiume. Halafu nikakaa kitandani, upande wake. Upande umepoa.

Aliniambia pia nisideke. Labda niugue kweli ndiyo atakuja mbio. Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Jioni nimekaanga kitunguu. Sikuwa na cha kupika nacho, nilitaka tu nyumba inukie kama anapokuwepo. Shemeji, kaka yake, akatoka chumbani mbio kuchungulia sufuria. Nimewekewa yeye kuwa mlinzi tangu daktari aseme figo zangu zimechoka, nipunguze nyama. Amestaafu, kazi nyingine hana. Kila jioni humpigia dada yake kumsimulia sahani yangu.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki. Mpimaji wa damu kasema nirudi Ijumaa asubuhi, na kesho nisiguse nyama. Nikauliza kwa nini, maana daktari mwenyewe kaniruhusu kipande cha ukubwa wa kiganja. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha babu yake simu. Kuna taka kwenye damu ambayo figo huichuja, na ndiyo wanayoipima. Nyama ikipikwa, nayo inakuwa na taka hiyohiyo. Ukiila kwa wingi, kipimo hupanda kwa saa kadhaa hata kama figo ni zilezile za jana. Daktari anashtuka bure.

Nikamshukuru, nikatoka. Nikarudi kumuuliza: bure kabisa? Bure kabisa.

Nimenyoa wateja mchana kutwa bila kuwasikia. Mmoja ameondoka na sharubu asizokuja nazo. Mawazo yalikuwa kwingine. Figo zibaki zilivyo, karatasi ndiyo iugue. Mke wangu huogopa karatasi yenye muhuri.

Alhamisi, 5 Juni

Nyama ya paja, fungu kubwa. Mwenye bucha akauliza kama nina wageni. Nikasema namngoja mmoja. Nimeificha ndani ya taulo la kunyolea, nikawaambia wateja nafunga mapema, nina msiba mdogo. Nimeipikia palepale kibandani, kwenye jiko la kuchemshia maji, mlango nimekomea.

Nilidhani nitafurahi. Nyama nimeiota tangu mke wangu aondoke. Lakini ilikuwa ngumu kama mkanda wa kunolea wembe, na haikuwa na mkono wake. Yeye huonja mchuzi, akafumba macho, akaongeza kitu asichokubali kukitaja. Mimi nimetafuna kama mtu aliyeajiriwa kutafuna. Taya zinauma. Nimebakiza vipande vya kufungulia kinywa kesho.

Shemeji amenusa shati langu. Nikasema kuna mteja kaja na mafuta mapya ya nywele. Akasema basi mteja huyo atafuatwa na paka.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango umejibu. Kipimo kimepanda mpaka daktari akavua miwani. Akauliza kama nilikula nyama. Nikamjibu kwamba mimi na nyama tulishaachana. Akaandika, akagonga muhuri, akasema nipimwe tena wiki ijayo, na nyumbani awepo mtu wa kuniangalia.

Shemeji, aliyenisindikiza, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi akasema dada yake anafika kesho. Akanishika mkono kunivusha barabara, yeye ambaye juzi alinifichia hata kijiko. Nikajisikia vibaya mpaka kwenye kona. Baada ya kona nikakumbuka kwamba kesho mke wangu atakuwa nyumbani.

Jumamosi, 7 Juni

Amefika mchana. Begi moja, miguu imevimba kwa safari. Hakunisalimu kwanza. Alinigusa paji la uso, shingo, vifundo vya miguu, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kununua. Nikalegea makusudi.

Kanipikia kabichi bila chumvi. Sijapata kula kitu kitamu kama kile.

Kisha, akiosha vyombo, kanipa mgongo, akasema njiani amefikiri vya kutosha. Yeye ana figo mbili, na mbili ni nyingi kwa mtu wa kimo chake. Moja nitachukua mimi. Alisema hivyo kama mtu anayegawa mito ya kulalia.

Hapo ndipo ningesema. Nikaomba kabichi nyingine.

Jumapili, 8 Juni

Sokoni, mimi, mke wangu na shemeji. Mwenye bucha, mtu mwenye roho safi na mdomo mpana, akaniita kutoka ng'ambo ya barabara. Akauliza lile paja la Alhamisi lilikuwaje, maana moshi ulitoka kibandani mpaka kwake. Na kama huyu ndiye mgeni niliyekuwa nikimngoja.

Shemeji akasema taratibu, "Mafuta ya nywele."

Mke wangu alitangulia mbele mpaka nyumbani. Akavua viatu, akakaa. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Nimewaacha watoto wanalia," akasema. "Njia nzima nimekuwa nikikuzika. Ungesema tu umenikumbuka, mume wangu. Ningekuja."

Nikasema kabichi ilikuwa nzuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimepimwa tena, siku zote hizi bila nyama. Kipimo kimerudi kilipokuwa. Mke wangu akamsimulia daktari kila kitu, hata jiko. Daktari akasema nyama ile ilidanganya karatasi kwa siku moja tu, lakini figo zilizochoka hazidanganyiki: ukizibebesha protini nyingi kila siku zinachoka kwelikweli, na zikilala haziamki. Kiganja, akasema. Kiganja changu, si cha mbeba mizigo. Mke wangu akaupima mkono wangu kwa macho. Kisha akaushika, asiuachie mpaka tukatoka.

Ijumaa, 13 Juni

Aliondoka jana. Kabla hajapanda gari alinitaka nipige simu kila jioni, na siku nikimkumbuka nitamke hivyo, kwa mdomo, basi. Nikaapa.

Jioni nimepiga. Akauliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Nikasema shemeji anakoroma. Akangoja. Nikasema anakoroma sana. Akacheka kidogo, akaniambia nilale salama.

Jumatatu nitaenda kupimwa presha. Muuguzi wa kliniki kanionya nisinywe kahawa asubuhi hiyo, itapandisha kipimo bure.

Nimemuuliza vikombe vingapi.