Mkurugenzi Ametoa Maoni

Wananchi wote wa bonde letu mnajulishwa kwa furaha: ofisi yetu hapa Nakuru sasa iko na Kitengo cha Maoni ya Kitaalamu Mtandaoni. Mimi ndiye naibu katibu. Pongezi mtatuma baadaye.

Kazi yenyewe ni rahisi. Bosi wetu, Mkurugenzi Bethwel Kiprugut, anataka uenyekiti wa kamati ya maziwa, na mwenyekiti lazima awe mtaalamu wa ng'ombe. Bosi ng'ombe anamjua akishakuwa nyama choma. Lakini alienda semina Naivasha, akaambiwa siku hizi utaalamu hausomewi, unakomenti tu. Tafuta blogu inayosomwa, acha maoni mazito hapo chini, watu watakuamini.

Tukachagua blogu ya Joan Chepkosgei, mfugaji wa Subukia, ambaye wafugaji wa bonde zima wanamsoma. Kila komenti ya bosi ilipendekezwa kwa mkutano, ikaungwa mkono, ikapitishwa. Joan akiandika juu ya kupe, bosi anasema, "Kupe ni suala mtambuka." Akiandika juu ya nyasi, "Nyasi tuitazame kwa upana wake." Halafu sisi wafanyakazi, na majina ya kubuni, tunajibu, "Asante Daktari!" Daktari hakuwa. Lakini ofisi nzima ikikuita daktari, wewe ni nani ukatae?

Ikashika kabisa. Wafugaji wakawa hawafanyi kitu mpaka Daktari aongee.

Siku ya intaviu, jopo likaja likiongozwa na Mama Nabalayo, mama mpole wa mkoba mkubwa. Bosi akawa anawaonyesha komenti zake kwa projekta, na hapo hapo Joan akaandika: "Ng'ombe wangu anazaa. Mguu mmoja wa ndama umetoka, mwingine umekataa. Vet hapatikani. Nisaidieni, ni huyu mmoja tu analisha watoto wangu."

"Bosi, bahati hiyo," nikamnong'onezea. "Kuwa wa kwanza."

Bosi akaandika: "Swali zuri sana, dada. Asiguswe mpaka nitoe mwongozo."

Huko Subukia majirani walikuwa wameshaosha mikono. Wakaipangusa.

Kumbe jirani mmoja wa Joan, Khisa, alikuwa mjini kununua chumvi ya ng'ombe, akaona kwa simu Daktari wa ofisi yetu amejibu. Kidogo tu, akaingia ofisini bila kubisha.

"Daktari ni nani hapa?"

Tukaonyesha bosi kwa vidole.

"Boss, twende. Pickup inanguruma."

"Niko kwa intaviu, ndugu yangu."

"Hata ng'ombe iko kwa intaviu!"

Bosi akaanza kueleza utaratibu, lakini Mama Nabalayo alikuwa ameshasimama. "Mkurugenzi, si hii ndiyo kazi umeomba? Twende sote."

Tulimkuta ng'ombe amelala, anahema. Joan akampatia bosi sabuni na maji ya moto. "Daktari, tunaanza wapi?"

Bosi akakohoa. "Tuanze na utangulizi."

"Nishikie mkoba," Mama Nabalayo akamwambia. Akavua koti, akapaka sabuni, mkono ukaingia hadi begani. Akamsukuma ndama nyuma, akautafuta ule mguu, akaunyoosha. "Joan, ng'ombe akisukuma, tunavuta. Haya!"

Ndama akateleza nje, kimya. Joan akamsugua na nyasi kavu huku analia, mpaka ndama akapiga chafya. Boma likalipuka kwa vigelegele.

"Mmeona?" Khisa akawaambia watu. "Daktari mkubwa hashiki. Anasimamia."

Mama Nabalayo, akinawa damu, akatangaza uamuzi wa jopo. "Mtu anayeaminiwa hivi hawezi kufungiwa kwa kiti cha mwenyekiti. Kuanzia kesho atahudumia ng'ombe wa Subukia, boma kwa boma."

Bosi akapiga kelele mbele ya kila mtu: "Jamani, mimi ng'ombe sijui! Hata kidogo!"

Kama naibu katibu, nathibitisha hayo ndiyo maoni ya kwanza ya bosi ambayo hayakupitia kwa mkutano, na ndiyo pekee yenye ukweli ndani.

Joan akatikisa kichwa, amefurahi. "Na vile amesoma, bado ni mnyenyekevu!"

"Sana," Khisa akasema, akimpimia bosi gumboot. "Daktari, wangu anazaa Alhamisi."