Wa Akiba Apanda Kilima cha Madale

Alhamisi, 6 Novemba 1997

Majina yamebandikwa. Mbio za baiskeli za gia, vilima vya Madale. Jumamosi kila mtu peke yake, Jumapili timu kwa kupokezana. Timu yetu, Chui wa Chang'ombe, ina watu wanne na Jumapili wanatakiwa watatu. Tekla, nahodha, muuguzi wa zahanati. Gaspar, fundi wa kuchomelea mageti, mapaja kama magogo. Farhan, muuza vipuri, mwembamba, anakimbia kama kafukuzwa. Na mie, Sadallah, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, niliyeianzisha timu hii kwa mdomo wangu mwenyewe! Mbele ya jina langu wameandika AKIBA. Kama mchele!

Tekla anasema nikimshinda mmoja wao Jumamosi, nafasi yake nachukua. Lazima nichukue. Nimeshamwambia mama mkwe. Bi Mwanaheri anatoka Temeke Jumapili, yeye na mashoga zake watatu, kuja kunitazama. Miaka kumi na miwili tangu nimwoe Munira, na mama yake bado ananiita "yule".

Mpango wa kwanza: Gaspar. Saa sita nilipita karakanani kwake. Nikamwambia macho yamekuwa manjano, nikamuuliza kama viungo vinamuuma. Akasema vinauma tangu azaliwe. Nikamshauri homa si ya kuchezea, alale mpaka Jumatatu. Akaondoka mbio kwa Tekla. Safi!

Saa kumi Tekla katokea kiwandani na mkoba wake. Gaspar mzima kama ng'ombe. Ila Gaspar kamweleza kwamba mie ndiye niliyekuwa natoka jasho na kusema maneno ya ajabu. Tekla akanishika paji la uso mbele ya watu wote wa stoo. Nilikuwa wa moto kweli, kwa woga. Akanipa klorokwini nne. Akasimama mpaka nimemeza ya mwisho.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejikuna kutwa. Klorokwini na ngozi yangu haziivi. Nimejikuna kwa rula, kwa kitasa cha mlango, kwa kona ya kabati la mafaili. Munira kanipaka mafuta ya nazi, akauliza homa ilianza lini. Nikamwambia homa za michezo huja ghafla.

Mpango wa pili: Farhan. Redio asubuhi: kesho mvua kubwa, ile wanayoiita elnino. Baada ya sala ya Ijumaa nikampitia dukani. Nikamwambia redio imesema jua la kupasua mawe, na tairi zake zenye meno zitamchelewesha bure. Mie nina laini, za barabarani, saizi yake. Tubadilishane.

Akaniangalia. "Kaka Sadallah, una uhakika?"

"Mdogo wangu, nikudanganye ili iweje?"

Akanishukuru sana. Akanipa na soda. Nikainywa. Ilipita vizuri tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua! Jua la kupasua mawe! Hata wingu la kutazamia hakuna!

Nilifika Madale na koti la mvua nililoshonewa kwa nailoni ya kufunikia mapipa ya rangi. Nikaambiwa muda wa kujiandaa umekwisha, nijipange. Zipu ikagoma. Nikakimbia nalo. Kilima cha kwanza nilikuwa naiva kama ndizi gunini. Tairi zenye meno juu ya udongo mkavu zinanguruma kama mashine ya kusaga, na haziendi!

Farhan kawa wa kwanza. Si wa kwanza wa timu. Wa kwanza kati ya watu arobaini! Alishuka kile kilima cha tatu kama jiwe la manati, watu wakapiga mayowe. Hata Benson, nahodha wa Kinondoni, mwenye miwani ya jua na filimbi shingoni, alivua miwani kumtazama. Tekla wa nne, Gaspar wa tisa. Mie wa thelathini na tisa. Wa arobaini pedeli yake ilichomoka.

Farhan akanikumbatia mbele ya wote. Akatangaza kwamba ushindi ni wangu, kwa ajili ya zile tairi. Watu wakanipigia makofi. Kwa kweli niliona raha kidogo.

Tekla amethibitisha: kesho nabeba maji na pampu.

Jumapili, 9 Novemba

Siku gani hii!

Asubuhi jua. Saa tatu mama mkwe akashuka na mashoga zake, wamevaa sare ya kanga, wakakaa chini ya turubai mstari wa mbele. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akawaonyesha wenzake: "Ndiye yule." Nilikuwa nimeificha pampu nyuma ya mgongo.

Saa nne mawingu yakaanza kupanda kutoka Bunju, meusi kama chungu. Farhan akanijia, akasema bora tubadilishane tairi mapema. Hapo ningeweza kusema ndiyo. Muda ulikuwepo. Lakini kule turubaini mama mkwe alikuwa ananyoosha shingo kunitafuta. Nikamwambia Farhan lile wingu la kupita tu.

Lilipita? Lilisimama juu yetu likajimwaga!

Gaspar ndiye wa kwanza kukimbia. Kila mtu mzunguko mmoja, akirudi anamgusa mwenzake mkono. Mvua inapiga, udongo umegeuka uji, Kinondoni na Temeke wanaanguka kama maembe, na Gaspar anakuja wa kwanza! Wa kwanza! Tope mpaka kwenye meno! Farhan akapanda baiskeli kusogea mstarini ampokee. Hatua nne tu. Tairi laini zikateleza, akaenda chini kwa mkono. Niliusikia ule mkono. Mpaka sasa nausikia.

Sikuweza kusogea. Tekla alikuwa tayari amepiga magoti, anamfunga kwa kitambaa, Farhan kauma midomo. Tekla akaniambia bila kugeuka, "Kaka Sadallah, panda!"

Nikapanda. Sikutaka tena, Mungu ananijua. Nilitaka kukaa chini. Lakini Gaspar alinipiga mkono karibu aning'oe bega, na nyuma nikasikia sauti ya mama mkwe juu ya mvua yote: "Kimbiaaa, baba Naima!" Baba Naima! Miaka kumi na miwili!

Basi nilikimbia. Zile tairi za Farhan zilishika tope kama kucha. Kilima cha kwanza, niko mbele. Kilima cha pili, niko mbele. Benson yuko nyuma yangu, filimbi inalia yenyewe kila akihema. Nikaongeza gia. Filimbi ikafifia. Ikapotea! Nikageuka, hakuna mtu!

Vitambaa vyekundu vya kuonyesha njia sikuviona, mvua imejaa machoni. Lakini chini palikuwa na alama ya tairi, wazi, imechimba tope. Nikaifuata. Nikafikiri: kuna mmoja kaniwahi, nimkamate. Nikakanyaga, nikapita mihogo, nikapita nyumba zisizoezekwa, na kweli, mbele namwona! Nikampita kwa kelele za ushindi. Alikuwa na magunia matatu ya mkaa. Akanipa pole ya mvua.

Nikazidi kukanyaga. Nikatokea lami. Tegeta. Mama mmoja anakaanga mihogo chini ya mwavuli. Nikamuuliza kama hapa ndipo mwisho wa mbio. Akauliza mbio za nini.

Kurudi ni kupanda kutupu. Nilipofika Madale mvua imekatika, jua linawaka tena kana kwamba halikuhusika. Kombe limeshaondoka na Benson. Tekla alisimama mstarini na mkono ameunyoosha dakika hamsini, kisha akampeleka Farhan hospitali. Watu wameondoka, turubai linakunjwa.

Mama mkwe yupo. Peke yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu. Walimwambia korongo la kilima cha tatu limejaa maji, na mie sijaonekana. Akasimama, akanivua shati kama mtoto, akanifunga kanga yake mwenyewe.

"Nilidhani Munira kawa mjane," akasema. Kisha akauliza nimekuwa wa ngapi.

Nikamwambia tangu kilima cha pili hakuna aliyeniona hata mgongo.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Farhan kuungama. Mkono umevunjika, plasta mpaka kwenye kiwiko, wiki sita. Nilijizoeza maneno njia nzima. Nikaanza: ndugu yangu, zile tairi. Akanikatiza. Akasema nisijilaumu, mvua kaleta Mungu, na Jumamosi ile hataisahau maisha yake yote. Machozi yakanilenga. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme yaliyobaki, mama yake akaingia na sinia la vitumbua, akanishukuru kwa kumjali mwanawe.

Nimekula sita.

Sasa nafasi ya Farhan iko wazi. Nilidhani ni yangu, kwa mpangilio wa asili. Lakini Tekla kampata mtu, Anastasia, karani wa posta, eti anaendesha kutoka Mbezi mpaka mjini kila siku. Jumamosi tutashindanishwa mazoezini, Madale, saa kumi na mbili asubuhi.

Simtakii mabaya. Nimemwandikia barua fupi tu, kwa mwandiko unaofanana na wa Tekla, kwamba mazoezi yatakuwa Mbagala. Nimeipeleka posta mwenyewe. Kaipokea yeye mwenyewe dirishani, akanigongea muhuri.

Jioni Tekla kapita nyumbani. Madale haipitiki kwa tope. Mazoezi yamehamishiwa Mbagala.

Si neno. Mbagala ni kubwa. Munira ameuliza naandika nini tena. Nimemwambia ni barua ya pili ya kumkaribisha mgeni.