Mshiriki Namba 0417 Ni Mama Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya,
Ghorofa ya tatu, mlango wa pili ukishapita choo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUHUSU: OMBI LA KUREJESHEWA MAMA YANGU MZAZI, ANAYETUMIKA KATIKA TAFITI SABA KWA WAKATI MMOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Na kama si mzima, huna haja ya kwenda mbali, maana nimeambiwa jengo lenu lina mtaalamu wa kila kiungo, kuanzia kope hadi kisigino.

Mimi ni mtoto wa pekee wa mwanamke ambaye kwenye karatasi zenu anaitwa Mshiriki namba 0417. Kazi yangu ni ukarani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa huu. Nakueleza hivyo ili ujue unaandikiwa na mtu anayelijua faili. Faili likijaa hufungwa, likafunguliwa jingine. Mama yangu mnaye katika mafaili saba na sijaona hata moja lililofungwa.

Sina ugomvi na sayansi. Chanjo zote nimechanjwa, na dozi nikipewa naimaliza hata kama nimepona siku ya pili. Najua pia kwamba utafiti ni wa aina nyingi na kila aina ina umuhimu wake. Ninachouliza ni kwa nini aina zote zikutane sebuleni kwa mama yangu.

Mambo yalianza miaka mitatu iliyopita. Kijana mmoja mpole alipiga hodi akiwa na mizani na fomu ya kurasa kumi na nne. Alikuwa anatafiti chumvi. Mama akamkaribisha, akamjibu yote, akamwonyesha mpaka kijiko anachopimia. Kumbe kijana hana kifua cha kutunza siri. Habari zikaenea jengoni kwenu kwamba nyuma ya kiwanda cha mabati kuna bibi anayejibu maswali bila kukasirika, ana viti sita na hana mbwa. Tangu siku hiyo ni foleni. Wa chumvi huja Jumatatu kuchukua mkojo. Jumanne ni wa mate, binti mwenye vichupa, ambaye humwomba mama ateme kwa heshima zote. Jumatano ni Bwana Usingizi (majina ni ya mama, si yangu), aliyemvisha mkononi saa isiyoonyesha saa. Alhamisi asubuhi ni wa kumbukumbu, na mchana ni wa nguvu za mkono, ambaye hana analotaka duniani ila mama amkamulie kijichuma chake kwa bidii. Ijumaa ni wa goti. Jumamosi ni Binti wa Upweke. Na mwezi uliopita alifika wa nane na barua ya utambulisho. Huyo anatafiti kwa nini wazee hukubali kufanyiwa utafiti.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Nafasi. Nilimtembelea mama siku ya Jumatano, nikaambiwa nisubiri nje kidogo kwa sababu Bwana Usingizi alikuwa anapakua takwimu kutoka kwenye ile saa. Nilisubiri barazani dakika arobaini, mimi niliyezaliwa katika nyumba hiyo. Nilipoingia, mama alinionyesha kalenda aliyoibandika nyuma ya mlango wa jikoni, kila mtafiti na rangi yake, akaniambia ananiweza Jumapili saa nne hadi saa nne na nusu, kama wa mate hatakuwa na kiporo. Rangi yangu ni ya kijivu. Niliuliza kama kuna nyingine, akasema zimekwisha.

2. Ukuta. Idara yenu ya chumvi ilimpa mama cheti cha Mshiriki Bora chenye mhuri wa dhahabu. Mama akakitia kwenye fremu. Fremu hiyo ndiyo iliyokuwa na picha yangu ya kuhitimu. Picha yangu sasa iko ukumbini, karibu na mita ya umeme, na kila msoma mita akija huuliza marehemu alikuwa nani.

3. Goti. Hili sikuliona mwenyewe, nimelisikia kwa jirani yake, lakini ni mwanamke mkweli. Mtafiti wa goti alimweleza mama kwamba utafiti wao unahusu goti la kulia. Goti linalomuuma mama ni la kushoto. Mtu mwingine angesema samahani, umekosea nyumba. Mama, kwa kuwa kijana amekuja kwa miguu juani, akaanza kuchechemea kulia. Sasa huchechemea kulia kila Ijumaa na kushoto siku zilizobaki. Kisha huonyeshwa karatasi yenye nyuso sita, ya kwanza inacheka na ya mwisho inalia, achague inayofanana na maumivu yake. Kila mara huchagua ya pili, kwa sababu akichagua ya tano kijana husikitika na kukataa chai. Mheshimiwa, utafiti wenu wa maumivu umejengwa juu ya adabu ya mama yangu.

Kuhusu lile la kushoto, alilipeleka kwa Bwana Usingizi, kwa kuwa ndilo linalomnyima usingizi. Alijibiwa kwamba goti haliko kwenye fomu yake. Akaandika kwamba chanzo cha kukosa usingizi ni "mengineyo", akafunga daftari. Mate ya mama, chakula chake, mkojo wake, ndoto zake, vyote vimepata mtaalamu. Mengineyo hayana mtu.

4. Kumbukumbu. Mtaalamu huyu humtajia mama maneno matatu, humpigisha soga, kisha humtaka ayarudie. Mama huyarudia, na huongeza ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Mtafiti mwenyewe hayakumbuki, hulazimika kuomba ruhusa atoke nje akapekue mkoba. Nimeambiwa ameandika kwamba mshiriki "hutaja maneno yasiyohusika", akamkata alama mbili. Naomba alama hizo zirudishwe. Akili za mama yangu si za kuchezea, hata kama katika mafaili yenu ni za mshiriki tu.

5. Upweke. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, nami naomba ukae vizuri.

Jumapili iliyopita nilikwenda katika nusu saa yangu. Fomu ya Binti wa Upweke ilikuwa mezani. Nakiri nimeisoma ikiwa imenielekea kichwa chini, ujuzi tunaoupata masjala pasipo kufundishwa. Swali la kumi na moja liliuliza: katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi mwanafamilia alikaa nawe kwa nusu saa au zaidi? Mama alijibu: sifuri.

Mheshimiwa, mwanafamilia ni mimi. Mke wangu ana shinikizo lake la damu na watoto wako shule za bweni, kwa hiyo sifuri hiyo ni yangu peke yangu, nami naipinga kwa hoja zifuatazo. Kwanza, Jumapili ya nyuma yake nilikaa dakika ishirini na tano, na ukijumlisha muda niliotafuta viatu barazani zinafika thelathini na moja. Hata shule ya msingi tulifundishwa kukadiria. Pili, simu hazikuhesabiwa, ilhali mimi humpigia mara mbili kwa juma nikiwa kwenye foleni ya benki, na huongea naye mpaka nifike dirishani. Tatu, chini ya jibu hilo kuna nafasi ya maoni, na maoni ya mama yaliandikwa hivi: "Ana kazi nyingi, msimwandike vibaya." Maoni haya yanaonyesha wazi kwamba mshiriki mwenyewe ana mashaka na takwimu. Kwa taratibu za ofisi yoyote, waraka wenye mashaka hurudishwa kwa aliyeuandika.

Nilimwuliza mama papo hapo kwa nini anawapa watu baki siri za nyumba. Hakukasirika. Alinimiminia chai, akaniambia, "Hawa wakiniuliza hali, mwanangu, hunyamaza wakasikiliza. Wewe ukiniuliza unakuwa umeshashika kitasa cha mlango."

Ninaomba usajili maneno hayo kama kielelezo cha madhara ya utafiti. Mama yangu hakuwa hivi. Alikuwa mtu wa kusema "mzima tu" na mambo yakaishia hapo. Ninyi ndio mliomzoesha kwamba baada ya "mzima tu" kuna swali la pili.

6. Matokeo. Kwa miaka mitatu mmechukua damu, mate, mkojo, kucha na usiku kucha za mama yangu. Kilichorudi ni cheti, kofia mbili na mche wa sabuni. Nikiazima faili masjala nalitia sahihi na nalirudisha. Niambie ni nani aliyetia sahihi kwenu kwamba atamrudisha mama.

Na hapa nafika kwenye hoja yangu kuu. Mheshimiwa, mmemgawana. Wa mate ana mate yake, wa goti ana goti (tena si lenyewe), wa usingizi ana usiku, wa chumvi ana kijiko. Hawa watu saba wanafanya kazi katika jengo moja, wanapanda ngazi moja, wanakula kwenye meza moja, na hata siku moja hawajaketi wakaweka vipande vyao pamoja waone vinatoa mtu gani. Mna ujuzi mkubwa wa sehemu za mama. Mama mzima hamna. Mtu pekee anayemjua mama mzima, nje na ndani, tangu kabla jengo lenu halijawekwa lifti isiyofanya kazi, ni mimi.

Kwa msingi huo, naiomba Kamati yako tukufu yafuatayo. Tafiti zote saba zisimamishwe mara moja, na wa nane arudishiwe barua yake. Kama haiwezekani, basi sifuri ifutwe na iandikwe moja. Kama nayo haiwezekani, niandikishwe rasmi kama chombo cha utafiti, kwa kuwa naona saa isiyoonyesha saa inalala na mama usiku kucha, na kijichuma cha kukamua kinashikwa mkono nusu saa nzima. Na kama hata hilo litawashinda, basi nitumieni Binti wa Upweke nyumbani kwangu siku yoyote isiyo Jumapili, aje na fomu mpya, maana kwa jinsi mambo yalivyo mwenye upweke katika familia hii ni mimi, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nategemea majibu ndani ya siku kumi na nne. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, katibu muhtasi wako aliyenipokea vizuri nilipokosea mlango nikaingia chooni, na hao vijana saba pia. Sina chuki nao. Mwambie wa mate apunguze kubisha hodi kabla ya saa mbili.

Wako katika kulitetea jina la familia,

Karani wa Masjala,
mtoto wa Mshiriki namba 0417

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado haijatiwa kwenye bahasha. Jana asubuhi mama alianguka jikoni na jirani akanipigia simu. Hospitalini, muuguzi wa mapokezi alianza kuniuliza mimi, kwa sababu mama alikuwa hawezi kusema. Umri wake? Nikasema sabini na kitu. Akasubiri hicho kitu, kalamu ikiwa juu. Anatumia dawa gani? Kuna dawa isiyopatana naye? Kizunguzungu kilimwanza lini? Ameshawahi kuanguka kabla ya leo? Nilitaja jina lake na namba yangu ya simu, nikawa nimemaliza ninayoyajua. Muuguzi akaniuliza, kwa upole sana, kama mgonjwa ana mtu mwingine wa karibu.

Nikampigia Binti wa Upweke. Namba yake nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye ile fomu ili nimlalamikie. Alifika anahema, akajibu yote akiwa amesimama, bila faili. Ni sabini na nne. Hii ni mara ya tatu kuanguka. Na dawa isiyopatana naye aliitaja kwa jina, nayo ndiyo iliyokuwa tayari imevutwa kwenye sindano.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba malalamiko namba 1 hadi 6 yafutwe, na sifuri ibaki kama ilivyo. Nilikusudia kukuomba nakala za majibu yote ya mama kutoka mafaili saba. Lakini mama ameamka leo, na anaongea. Majibu kaeni nayo. Nitumieni maswali tu.