Bwana Harusi Mwenye Alama za Kuuliza

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi amenunua kompyuta kwa duka lake la kuchapa kadi. Mmoja wetu atakaa nayo chumba cha nyuma, mwingine atahudumia wateja mezani. Wateja! Mimi hata kuku akinitazama nababaika. Chumba cha nyuma lazima kiwe changu. Tatizo ni binamu yangu, aitwaye Injinia tangu arekebishe redio. (Ilipona yenyewe.)

Mpango: niiandae mashine kabla yeye hajapiga mswaki.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuwahi! Mashine ikauliza lugha. Kiswahili, bila shaka. Ikauliza tena, herufi zihifadhiwe kwa utaratibu upi. Ilikuwa imeshajichagulia UTF-8. Nane! Shuleni, alama ya chini kama nane kwa mia hata mtoro hakuipata. Nikashuka kwenye orodha hadi kwenye utaratibu wenye tarakimu nyingi kuliko zote. Nikajipongeza kimyakimya, kama kawaida yangu.

Injinia alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Akanuna. Raha iliyoje.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Bwana harusi wa kadi za leo katoka mbali, jina lake lina nukta chini ya herufi. Kila palipo na nukta, mashine ikaweka alama ya kuuliza. Nami nikachapa kadi zote, maana alama zilipangika vizuri. Baba wa bi harusi, alipokuja kuzichukua, akavaa miwani, akamgeukia Shangazi.

"Bibie, hata mimi nina maswali kuhusu kijana huyu, lakini ndiyo mkayaandike kwenye kadi?"

Nilijificha nyuma ya mashine ya kukatia karatasi. Injinia akambembeleza mzee hadi akacheka, kisha akairudisha ile nane, akaliandika jina upya na likakaa sawa. Akatangaza, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba UTF-8 inajua herufi za dunia nzima. Nimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi ameamua. Anayeweza kumchekesha mzee aliyekasirika ni hazina, hivyo Injinia akae mezani. Na mimi?

"Wewe, mwanangu, kaa kule nyuma nisikuone mpaka nipoe."

Chumba cha nyuma! Mpango umefaulu kama nilivyoupanga. Kimsingi.

Jumamosi, 8 Machi
Nina feni, kiti kinachozunguka na ukimya. Shangazi, ameshapoa, kaniletea kompyuta yake ya zamani, yenye kadi za wateja wote tangu duka lifunguliwe. Niiwekee Kiswahili na ile nane. Mashine imeuliza kama ifute kila kitu kwanza. Injinia amepaza sauti kutoka mezani kwamba nimsubiri, nisiguse kitu. Wivu tu. Usafi haujawahi kumdhuru mtu.

Nimebonyeza Ndiyo.